Karatasi ya Kisima: Ninavyochimbua Habari Mtandaoni Nikiwa Kisumu

Mama mmoja anayeuza omena sokoni Kibuye ndiye aliyenianzishia kazi hii. Hakuwa na hati mkononi. Aliniambia tu kwamba huko alikoolewa, mwendo wa saa mbili kwa matatu kutoka hapa Kisumu, kulichimbwa kisima, kikajengwa kioski cha maji, wakubwa wakaja, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakala, wakaenda zao. Maji yalitoka siku hiyo moja tu.

“Nyathina, mwanangu,” akasema huku akisawazisha omena kwenye gorogoro kwa kiganja, “mimi bado nanunua mtungi shilingi ishirini. Wewe una simu kubwa. Hebu niangalilie humo ndani kama hicho kisima kiliandikwa mahali.”

Kama kiliandikwa mahali. Utafiti wa mtandaoni unaanzia kwenye swali hilo, na ndilo ninalotaka kukufundisha kuuliza, wewe unayeandika habari za uchunguzi au kitabu cha mambo ya kweli ukiwa Kisumu, Nakuru, Kakamega au popote ulipo na simu na bando. Nimekuwa mwanahabari kwa miaka 14, tisa redioni na mitano nikijitegemea. Kaunti ya kisima hicho sitaitaja, wala kampuni, kwa sababu uchunguzi haujaisha na wahusika hawajajibu. Njia niliyopita nitakuonyesha, pamoja na mahali nilipojikwaa.

Kalamu kabla ya simu

Mtu akifungua Google mara nyingi hutafuta habari: nani amesema nini kuhusu nini. Mimi hutafuta karatasi. Kabla sijagusa simu huchukua daftari na kujiuliza: pesa hizi zilipopita, nani alilazimishwa na sheria kuandika?

Kwa kisima cha kaunti niliandika saba. Bajeti, maana hakuna senti inayotoka bila kupitishwa na bunge la kaunti. Tangazo la tenda. Mkataba. Usajili wa kampuni iliyopewa kazi. Kibali cha kuchimba, kwa kuwa kisima kirefu huhitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ripoti ya mchimbaji inayoeleza ameshuka mita ngapi na maji yanatoka kwa kasi gani. Mwisho, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kando ya kila karatasi niliandika ofisi iliyoitengeneza na mwaka ambao lazima iwe ilitengenezwa.

Daftari hilo linakuokolea bando kuliko ujanja wowote. Ukijua karatasi inaitwaje na nani aliiandika, umeshajua mlango wa kubisha. Na ikikosekana kabisa ilhali sheria inaidai, kukosekana kwake ni habari pia.

Andika kama karani

Siku ya kwanza niliandika kwenye Google “kisima hakina maji” na jina la kijiji. Nikaletewa mahubiri na video za ngoma. Kosa lilikuwa langu. Karani wa ununuzi hakuandika hivyo, na nyaraka za serikali yetu ziko kwa Kiingereza cha ofisini. Tafuta kwa maneno ya yule aliyeandika hati. Nilipobadilisha, nikaandika hivi:

"drilling and equipping" site:go.ke filetype:pdf

Alama za kunukuu zinaiambia Google ilete maneno hayo yakiwa yameshikana vilevile. Neno site: linaibana itafute ndani ya tovuti fulani tu, na go.ke ni tovuti za serikali ya Kenya. Ukitaka kaunti moja, weka anwani ya kaunti hiyo. Neno filetype:pdf linaleta hati na kuacha makala na matangazo. Usiache nafasi baada ya nukta mbili, la sivyo haifanyi kazi. Ukiletewa takataka ya aina moja tena na tena, weka alama ya kutoa mbele ya neno unalotaka kulifukuza. Ukitaka kipindi fulani, ongeza after:2021-07-01 before:2022-06-30.

Tarehe hizo mbili sikuzichagua ovyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na makarani huuandika kila mmoja kwa mtindo wake: 2021/2022, 2021-2022, FY 21/22. Jaribu yote. Nilipata tangazo la tenda yangu kwa mtindo wa tatu, baada ya ile miwili kunitoa mikono mitupu.

Majina ya mahali ndiyo yanayotesa zaidi huku kwetu. Ng' yetu ina king'ong'o, na karani mmoja ataweka alama, mwingine ataisahau, mwingine ataandika Ny. Nyang'oma ziko zaidi ya moja katika Siaya pekee, kwa hivyo usifurahi mapema ukiiona kwenye orodha. Angalia wadi iliyoandikwa kando yake. Shule na zahanati ni vivyo hivyo, watakatifu ni walewale kutoka Migori hadi Bungoma.

Na wewe unayeandika historia, tumia jina la wakati ule. Kisumu hii ndiyo Port Florence ambako reli ilifika mwaka wa 1901. Wilaya yake iliitwa Central Kavirondo kabla ya kuitwa Central Nyanza, Ghuba la Winam lilikuwa Kavirondo Gulf, na ukitafuta pesa za umma za kabla ya uchaguzi wa 2013 hutazikuta chini ya kaunti kwa kuwa kaunti hazikuwa zimeanza kazi. Tafuta baraza la manispaa au wilaya. Karatasi zetu pia husafiri mbali. Rafiki yangu anayeandika kuhusu tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo watu walipigwa risasi hapa Kisumu wakati wa ufunguzi wa hospitali ambayo wazee bado huiita Russia, alihangaika sana kutafuta ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa Rais Mei 2013. Ripoti nzima iko kwenye hifadhi ya shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani. Usikome kwenye go.ke.

Jambo dogo kabla sijaendelea: hati nyingi za kaunti ni karatasi zilizopigwa picha, na maneno yake hayatafutiki. Mimi hupakia hati kwenye Google Drive, nikaifungua kwa Google Docs, ikanitolea maandishi. Kisha hulinganisha kila tarakimu na picha ya asili kwa macho yangu, kwa kuwa 3 hugeuka 8 na 1 hugeuka herufi. Katika mambo ya pesa, tarakimu moja inaweza kukupeleka kortini.

Anza ripoti ya mkaguzi kutoka nyuma

Katiba, kifungu cha 229, inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha awe amekagua na kutoa ripoti. Ripoti za kila kaunti zimo kwenye tovuti ya ofisi yake, ingawa kufika huko kwenye tovuti huchukua muda. Kando na hizo kuna ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinazotoka kila robo mwaka, zinazoonyesha kaunti imetumia kiasi gani na wapi. Mimi huzisoma zote mbili, lakini ile ya mkaguzi ndiyo chakula.

Wasomaji wengi husoma ukurasa wa kwanza, wakiona maoni yake ni safi, yana dosari au ni mabaya, hufunga. Mimi huanzia nyuma. Viambatisho vya mwisho vina jedwali la madeni ambayo kaunti haijalipa: jina la mkandarasi, kazi aliyofanya, thamani ya mkataba, alicholipwa na kilichobaki. Hapo ndipo majina yalipo. Kisha hurudi kwenye sehemu ya mkaguzi inayoeleza kwa nini hakuridhika. Aya zake zina namba, na mara nyingi mradi umetajwa pamoja na tarehe aliyoutembelea. Mwisho hufungua jedwali la mapendekezo ya mwaka uliopita, nione ni mangapi yameandikwa kwamba hayajatatuliwa. Jambo likijirudia miaka mitatu mfululizo, umepata habari bila kumpigia mtu yeyote simu.

Ndipo nilipokiona kisima chetu. Ukurasa wa viambatisho, mstari mwembamba kati ya barabara ya changarawe na choo cha soko. Kazi imekamilika asilimia 100, Januari. Imelipwa chini ya nusu. Nilikaa kwenye kiti cha saiba pale Kondele nikausoma mstari huo mara nne, maana nilikuwa nimeingia na imani kwamba mkandarasi amekula pesa. Karatasi ilisema kaunti ndiyo inayodaiwa.

Huo haukuwa ukweli wote, lakini ulinitoa kwenye hukumu niliyokuja nayo. Nakuomba ulinde hilo katika kazi yako: ukitafuta tu kile kinachokuunga mkono, mtandao utakupa, kwa kuwa mtandao una kila kitu. Kwa kila jambo ninaloamini, hutafuta pia karatasi ambayo ingenionyesha nimekosea, na huiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kampuni, na herufi moja

Kwenye tangazo la tenda jina la kampuni liliishia Enterprises. Kwenye jedwali la madeni liliishia Enterprise. Herufi moja. Kwa msajili hizo zinaweza kuwa kampuni mbili za watu wawili wasiojuana, kwa hivyo usiunganishe kwa macho. Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuomba hati ya CR12 kwa ada, nayo itakuonyesha wakurugenzi, wenye hisa na sanduku la posta. Niliomba majina yote mawili. Moja halikuwepo kabisa. Lilikuwa kosa la karani. Ningelichapisha kama “kampuni hewa” ningekuwa nimemharibia mtu jina kwa sababu ya S.

Sanduku la posta ni la kuangaliwa sana. Kampuni mbili zilizoshindania tenda moja zikiwa na sanduku moja, hilo ni swali zuri. Ni swali tu, kwa sababu mhasibu mmoja mjini anaweza kusajili kampuni mia kwa sanduku lake. Kampuni ikiwa ya nje, sajili ya Companies House ya Uingereza haitozi chochote na inaonyesha wakurugenzi na wenye udhibiti, na hifadhidata ya Offshore Leaks ya muungano wa wanahabari wachunguzi wa ICIJ, inayokusanya majina ya nyaraka kama Panama Papers za 2016 na Pandora Papers za 2021, hutafutwa bure pia. Jina kuwemo humo si kosa la jinai. Wenyewe wameandika hivyo, nawe uandike hivyo.

Kisha nenda kwenye tovuti ya Kenya Law. Huu ndio mgodi ninaoupenda kuliko yote, na wanahabari wachanga huupita kwa sababu wanadhani ni wa mawakili. Hukumu za mahakama zetu ziko pale bure, za kusoma na kupakua. Watu wakigombana kwa pesa huenda kortini, na wakifika kortini huapa, na jaji huandika walichoapa. Mhasibu aliyefutwa kazi, washirika waliokosana, ndugu wanaogombania shamba: wote huacha maelezo ambayo hakuna msemaji wa ofisi atakayekupa. Tafuta jina la kampuni, kisha la kila mkurugenzi, kwa tahajia zote.

Nilipata hukumu ya rufaa. Muuzaji wa vifaa alikuwa amemshtaki mkandarasi wangu kwa pampu ya maji aliyochukua kwa mkopo. Muuzaji alisema hakulipwa, ndipo akaenda kuichukua pampu yake, mara tu baada ya sherehe ya uzinduzi. Nikaelewa kwa nini maji yalitoka siku moja.

Hapa lazima usome kwa utulivu. Hukumu ina sauti tatu: anayedai, anayejibu, na jaji. Maneno ya anayedai yakiandikwa na jaji hayageuki kuwa ukweli. Jaji anarudia alichoambiwa. Shuka hadi pale anaposema yeye mwenyewe anaona nini kimethibitishwa. Katika hukumu yangu jaji alikubali kwamba pampu ilichukuliwa, kwa kuwa pande zote mbili zilikiri. Hakusema lolote kuhusu kaunti. Nami nitaandika hivyo tu. Angalia pia kama kesi ilikatiwa rufaa tena, usije ukanukuu hukumu iliyokwisha kupinduliwa.

Gazeti rasmi la Serikali nalo limo Kenya Law, na matoleo ya zamani, ya miongo mingi nyuma, yamo kwenye Google Books. Kwa mwandishi wa vitabu ni hazina. Matangazo ya mirathi humtaja marehemu, mahali alipofia na anayeomba kusimamia mali, yakitoa siku 30 za kupinga. Ya hati za ardhi zilizopotea hutoa siku 60. Nimewahi kujenga ukoo wa familia moja ya Nakuru kwa matangazo ya mirathi pekee. Matangazo ya ardhi yana namba za vitambulisho vya watu, ambazo hazina kazi kwenye makala yako. Ziache humo.

Kivuli hakidanganyi, picha hudanganya

Mwaka wa 2020, Mto Nzoia ulipovunja kingo kule Budalang'i, nilikuwa redioni. Picha ikaniingilia kwenye WhatsApp: maji mpaka madirishani, lori limezama nusu. Nikaiweka kwenye ukurasa wa kituo kabla sijamaliza kunywa chai. Baada ya robo saa mzee mmoja wa Port Victoria akapiga simu. Hakunigombeza. “Binti yangu,” akasema, “lori hilo usukani uko kushoto. Hapa kwetu lori kama hilo litatoka wapi?” Picha ilikuwa ya nchi nyingine kabisa. Kulikuwa na watu kwenye mahema usiku ule ambao walihitaji kuaminiwa, na mimi niliwapa wenye shaka sababu ya kusema mafuriko yao ni ya uongo. Sijaisahau sauti ya yule mzee.

Tangu siku hiyo kila picha hupita mahali patatu kwanza. Naitafuta kinyumenyume kwa Google Lens, kwa TinEye na kwa Yandex, kwa kuwa kila mmoja huona asichoona mwenzake. TinEye ina uwezo wa kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Hicho ndicho ninachotaka. Halafu naitazama pembeni, mbali na tukio lenyewe: usukani, rangi za namba za magari (zetu ni nyeupe mbele na njano nyuma), mabango ya maduka, sare za shule, nguzo za umeme. Halafu namwomba aliyepiga anitumie picha hiyo kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa kawaida hufuta tarehe na mahali palipohifadhiwa ndani ya faili.

Picha ya kukata utepe ya kisima chetu iliwekwa mtandaoni ikiwa na maelezo kwamba ni ya Januari. Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaikuza. Nyuma ya wageni kuna mlingoti wa bendera na paa la kanisa. Kwenye Google Earth nililipata paa lile, nikajua upande upi ni kaskazini. Kivuli cha mlingoti kilikuwa kimelala kuelekea kusini.

Sisi tunaishi juu ya mstari wa ikweta. Unapita pale Maseno, na Kisumu iko chini yake kidogo tu. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi jua liko kusini mwetu, na vivuli huegemea kaskazini tangu asubuhi hadi jioni. Kuanzia Machi hadi Septemba huegemea kusini. Kivuli cha Januari hakiwezi kulala kusini huku kwetu. Picha ile ilipigwa kati ya Machi na Septemba, si Januari, mwezi ambao hati inasema kazi ilikuwa imekamilika. Tovuti ya SunCalc itakuchorea jua la siku yoyote na mahali popote. Iangalie, kisha toka nje usimamishe kijiti uone mwenyewe. Kumbuka saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki nasi tuko karibu nyuzi 35, ndiyo maana Kisumu jua hufika katikati ya anga yapata saa sita na dakika 40, ikipungua au kuongezeka robo saa kutegemea mwezi.

Setilaiti ni nzuri kwa vitu vikubwa. Sentinel-2 ya Ulaya hupita kila siku chache na picha zake ni bure kwenye Copernicus Browser, lakini doti moja ya picha ni mita 10 kwa 10. Utaona magugumaji yalivyofunika Ghuba la Winam, Ziwa Nakuru lilivyotanuka, msitu ulivyokatwa. Kioski cha maji hutakiona. Kwa vitu vidogo tumia Google Earth Pro ya kompyuta, ina kitelezi cha kurudi nyuma miaka. Soma tarehe ya picha iliyoandikwa chini, usikisie.

Hifadhi kwanza, piga simu baadaye

Hili nililijifunza kwa uchungu katika uchunguzi mwingine. Nilipiga simu ofisini asubuhi kuuliza kuhusu hati iliyokuwa kwenye tovuti yao. Jioni ukurasa ulikuwa haufunguki. Sikuwa na nakala.

Sasa kila ukurasa ninaotumia naupeleka kwanza kwenye Wayback Machine, ile hifadhi ya Internet Archive ya San Francisco. Ingia web.archive.org, bandika anwani penye Save Page Now, subiri ikupe anwani mpya yenye tarehe na saa. Hapohapo unaweza kuona ukurasa ulivyokuwa miaka ya nyuma, na nimewahi kukuta humo bajeti iliyokuwa imebadilishwa kimyakimya. Facebook haihifadhiki vizuri hivyo. Piga picha ya skrini yote ikionyesha anwani na tarehe. Hati ipakue, uipe jina linaloanza na tarehe: 2024-03-11_tenda_kisima.pdf. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Kwenye jedwali moja andika kila utafutaji: tarehe, maneno uliyotumia, ulichopata, na ulichokosa.

Akili unde (AI) naitumia kunifupishia hati ndefu niliyoipakua mwenyewe, kisha nahakiki kila mstari. Kunitafutia ushahidi, hapana. Niliwahi kuiuliza namba ya tangazo la Gazeti rasmi. Ikanipa namba safi kabisa, na nilipolifungua lilikuwa tangazo la mirathi ya mtu mwingine. Kuhusu jina linalotokea ukijaribu kumtumia mtu pesa kwa simu, au lile la Truecaller: la kwanza ni la aliyesajili laini, la pili ni alivyohifadhiwa na watu wengine. Yote mawili yakupe la kuuliza tu.

Barua ya Kiswahili

Karatasi mbili kati ya saba sikuzipata mtandaoni: ripoti ya mchimbaji na mkataba. Watu wengi hukata tamaa hapa, na mimi nasikitika sana nikiwaona, maana sheria iko upande wao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Huulizwi sababu, na hata ukiitoa haipunguzi haki yako. Kuomba ni bure. Wanaweza kukutoza gharama ya kunakili tu. Wana siku 21 za kujibu, na saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja, habari ikiwa nyingi sana. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kama Ombudsman, yenye ofisi hapa Kisumu.

Siri ya barua ni kutaja karatasi. Ukiandika “naomba habari kuhusu kisima” utajibiwa kwa hotuba. Mimi niliandika: naomba nakala ya ripoti ya kukamilika kwa uchimbaji wa kisima, tenda namba hii, mwaka wa fedha huu, na nakala ya mkataba uliotiwa saini. Namba nilikuwa nayo tayari kutoka kwenye tangazo, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuniambia hakuelewa. Nikaipeleka kwa mkono nikiwa na nakala mbili, yangu ikagongwa muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Nikaituma pia kwa barua pepe siku ileile.

Siku ya 19 nilipata ripoti ya mchimbaji. Kisima kina maji, na mengi ya kutosha kijiji. Mkataba hawakunipa, wala hawakueleza kwa nini. Nikawaandikia tena, safari hii nikiambatanisha maswali matano kwa afisa anayehusika, kila swali na ukurasa wa hati linakotoka, nikampa siku 14. Mkandarasi nimempelekea yake, na muuzaji wa pampu yake.

Halafu nikapanda matatu nikaenda. Niliwasha ramani ya simu nikasimama pale ambapo hati inasema kisima kipo. Kilikuwa mita 300 kutoka hapo, upande wa pili wa barabara. Kwenye ukuta wa kioski kuna namba ya mkataba iliyopakwa rangi ya samawati, na tarakimu yake ya mwisho hailingani na ile ya jedwali la madeni. Nimeipiga picha kwa mbali na kwa karibu, nikaiandika daftarini kwa kalamu nyekundu, na swali la sita likaongezeka kwenye barua.

Mama wa omena ana nakala ya barua hiyo, ameikunja kwenye mkebe anaowekea chenji. Kila nikipita Kibuye ananiuliza zimebaki siku ngapi. Leo zimebaki sita.